Baada ya uchaguzi wa rais Marekani, vyama viwili vinaweza kushirikiana kwenye nini hasa? Twende kwa hesabu ya kura

Kipimajoto (mleta uzi)

Wakuu, kila uchaguzi wa rais Marekani ukiisha hotuba huwa zilezile. Aliyeshinda anasema atakuwa rais wa wote, aliyeshindwa anaahidi ushirikiano "pale inapowezekana", na wachambuzi wanakesha wakijadili kama umoja utarudi. Ukitaka kujua kitakachotokea, weka hotuba pembeni uulize swali moja: mswada huu unahitaji kura za upande wa pili au hauhitaji? Ukihitaji, watakaa mezani hata kama hawasalimiani. Usipohitaji, urafiki wao hautabadilisha kitu.

Nachukua uchaguzi wa 5 Novemba 2024. Trump alipata kura 312 za wajumbe wanaomchagua rais, Harris 226. Seneti ikawa Warepublikan 53 dhidi ya 47 wa Wademokrat na wenzao wasio na chama. Baraza la Wawakilishi likawa 220 kwa 215. Kwa macho, chama kimoja kimeshika Ikulu na mabaraza yote mawili. Kwa kanuni, bado hakijashika kila kitu, kwa sababu mswada wa kawaida Seneti unahitaji kura 60 kati ya 100.

Hii 60 inatokana na filibasta: seneta anaweza kuzuia mswada kwa kukataa mjadala ufungwe. Ili ufungwe, maseneta 16 wanasaini hoja, inapita siku moja katikati, kura inapigwa, na zikitimia 60 bado kuna hadi saa 30 za mjadala kabla ya kura ya mwisho. Mara nyingi mzunguko huo unafanyika mara mbili, kwanza kuruhusu mswada uanze kujadiliwa, halafu kwenye mswada wenyewe. Kwa hiyo hata mwenye kura 60 mkononi anaweza kumaliza wiki nzima kwa mswada mmoja. Ndiyo maana kiongozi wa Seneti hapeleki ukumbini jambo ambalo halijakubaliwa nje ya ukumbi.

Milango mikubwa ya kukwepa 60 ni miwili. Wa kwanza ni uteuzi: tangu 2013 mawaziri na majaji wa ngazi za chini wanapita kwa wingi wa kawaida, na tangu 2017 majaji wa Mahakama ya Juu pia. Wa pili ni utaratibu maalumu wa bajeti uliowekwa na sheria ya 1974, wenye mjadala wa saa 20 na kura ya wingi wa kawaida. Kodi za 2017 zilipita huko, dola trilioni 1.9 za Machi 2021 zilipita huko, na mswada mkubwa wa Trump wa Julai 2025 ulipita huko kwa 51 kwa 50, Makamu wa Rais Vance akivunja sare. Wawakilishi waliupitisha kwa 218 dhidi ya 214. Hakuna Mdemokrat hata mmoja aliyeuunga mkono, na haukumhitaji.

Mlango huo wa bajeti una bawabu. Kanuni ya Byrd inataka kila kifungu kiguse mapato au matumizi kwa uzito, kisiwe sera iliyovishwa nguo za fedha, na kisiguse mfuko wa pensheni ya uzeeni. Februari 2021 mshauri wa kanuni wa Seneti, Elizabeth MacDonough, alikitoa kifungu cha kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa. Wademokrat walikuwa na Ikulu na mabaraza yote mawili, na bado kifungu kilitoka.

Basi ramani ni hiyo. Kodi na programu kubwa za fedha: chama kimoja. Uteuzi: chama kimoja. Bajeti ya kila mwaka ya wizara, sheria za uhamiaji, silaha, uchaguzi, benki, teknolojia: lazima 60, lazima wote.

Mto Ruvu

Shukrani mkuu, umefafanua vizuri. Ila swali: tangu uchaguzi huo kuna kitu kilichopita kwa kura za pande zote, au hiyo 60 ni ukuta tu?

Kipimajoto

@Mto Ruvu vipo, na kimoja kilipita hata kabla ya rais mpya kuapishwa. Sheria ya kurejesha pensheni kamili kwa walimu, polisi na wazima moto waliokuwa wakikatwa ilipita Wawakilishi 12 Novemba 2024 kwa 327 dhidi ya 75, Seneti 21 Desemba kwa 76 dhidi ya 20, na Biden akaisaini 5 Januari 2025. Wiki kati ya uchaguzi na kuapishwa zina uhuru wake: wanaoondoka hawaogopi tena kura za mchujo ndani ya chama.

2025 yenyewe: sheria ya Laken Riley ya kuwashikilia wahamiaji wanaotuhumiwa wizi ilipita Seneti kwa 64 dhidi ya 35. Sheria dhidi ya picha za utupu zinazosambazwa bila ridhaa, zikiwemo za kutengenezwa na akili mnemba, ilipita Wawakilishi kwa 409 dhidi ya 2. Sheria ya sarafu za kidijitali zinazofungamanishwa na dola ilipata 68 dhidi ya 30 Seneti na 308 dhidi ya 122 Wawakilishi, ikasainiwa 18 Julai.

Angalia Wademokrat 12 walioiunga mkono Laken Riley Seneti. Maseneta wa Kidemokrat wanaotoka majimbo aliyoshinda Trump 2024 walikuwa 10. Tisa kati yao wamo kwenye hao 12.

Bi Mkunde

Hapo kwenye majimbo ndipo penye kiini, na naongezea upande wa Wawakilishi maana wengi wanaangalia Seneti tu.

Mbunge anashirikiana na upande wa pili pale wapiga kura wake wanapomtaka afanye hivyo. Baada ya 2024, kati ya viti 435, ni 16 tu ambako eneo lilimchagua rais wa chama kimoja na mbunge wa chama kingine: Wademokrat 13 kwenye maeneo ya Trump, Warepublikan 3 kwenye maeneo ya Harris. Seneti, Mrepublikan pekee anayetoka jimbo aliloshinda Harris ni Susan Collins wa Maine. Waliobaki, tishio lao kubwa ni mchujo ndani ya chama, na kwenye mchujo picha ukiwa umekaa na mpinzani ni silaha dhidi yako.

Halafu kuna Spika. Seneti, chama chenye viti vichache kina filibasta. Kwenye Baraza la Wawakilishi chama cha namna hiyo hakina silaha kama hiyo. Spika ndiye anayeamua kipi kifike ukumbini, na kwa mazoea hapeleki mswada ambao wengi wa chama chake wanaupinga, hata kama una kura 218 ukichanganya pande zote. Kuna miswada mingi iliyokufa hivyo ikiwa na kura za kutosha.

Spika akivunja mazoea hayo anajua bei. Kevin McCarthy, Spika wa Kirepublikan, alipitisha mkataba wa ukomo wa deni la serikali Mei 2023 kwa 314 dhidi ya 117, Wademokrat 165 na Warepublikan 149. Tarehe 30 Septemba akapitisha fedha za muda kwa kura nyingi za Wademokrat ili serikali isifungwe. Tarehe 3 Oktoba akang'olewa, 216 dhidi ya 210. Warepublikan wanane tu walitosha kumwondoa, kwa kuwa Wademokrat hawakumwokoa. Mike Johnson aliyemrithi naye alipitisha msaada wa Ukraine 20 Aprili 2024 kwa 311 dhidi ya 112, Warepublikan wake wengi wakipinga. Hoja ya kumng'oa ilipoletwa mwezi uliofuata, Wademokrat walisaidia kuizima. Huo nao ni ushirikiano, ingawa hakuna anayeutangaza kwenye kampeni.

Salum wa Kanuni

Niweke mfano mmoja kwa kina, maana watu wanasema "walikubaliana" bila kuonyesha walikubaliana vipi.

Sheria ya miundombinu ya 2021. Jumla dola trilioni 1.2, fedha mpya ndani yake bilioni 550. Ilipita Seneti 10 Agosti kwa 69 dhidi ya 30, Warepublikan 19 wakiunga mkono akiwemo kiongozi wao Mitch McConnell. Wawakilishi 5 Novemba, 228 dhidi ya 206: Warepublikan 13 ndiyo, Wademokrat 6 hapana. Biden alisaini 15 Novemba.

Mazungumzo ya kwanza, kati ya Biden na Seneta Capito, Mrepublikan wa West Virginia, yalivunjika mwanzoni mwa Juni. Yaliyofaulu yalikuwa ya maseneta kumi, watano kila upande, wakiongozwa na Portman (Mrepublikan) na Sinema (Mdemokrat). Walianza kwa kutoa nje kila kilichojulikana kitavunja meza. Kodi za mashirika za 2017 hazikuguswa, huo ulikuwa mstari mwekundu wa Warepublikan. Huduma za watoto na wazee zilitolewa ziende kwenye mswada mwingine wa chama kimoja. Vilivyobaki ni barabara, madaraja, reli, maji, umeme na intaneti. Fedha nyingi za barabara zinagawanywa kwa kanuni inayojulikana, kwa hiyo kila seneta alijua jimbo lake linapata kiasi gani kabla ya kupiga kura.

Tazama daraja la Brent Spence linalounganisha Kentucky na Ohio juu ya Mto Ohio. Lilijengwa kwa magari machache kuliko yanayopita leo na miaka mingi lilikosa fedha. Sheria hiyo ikaleta zaidi ya dola bilioni 1.6 kwa daraja jipya kando yake na ukarabati wa la zamani. Portman ni wa Ohio, McConnell ni wa Kentucky. Januari 2023 Biden na McConnell walisimama pamoja Covington, Kentucky, daraja likiwa nyuma yao.

Na ilinusurika chupuchupu. Juni 24 makubaliano yalitangazwa Ikulu. Siku hiyohiyo Biden akasema hatausaini bila mswada ule mwingine wa chama chake. Warepublikan wakaanza kujitoa. Siku mbili baadaye akatoa taarifa ya kujisahihisha. Kuunganisha makubaliano ya wote na ajenda ya upande mmoja hadharani ni kosa linalorudiwa sana: mwenzako anaonekana kwa watu wake kama ngazi uliyopandia.

Upande wa kufeli, chukueni mswada wa mpaka wa 2024. Maseneta Lankford (Mrepublikan), Murphy (Mdemokrat) na Sinema walijadiliana kwa miezi. Warepublikan wenyewe ndio walitaka mpaka uwekwe pamoja na fedha za Ukraine. Maandishi yakatoka Jumapili tarehe 4 Februari, na Jumatano tarehe 7 ulishaanguka, 49 dhidi ya 50, Warepublikan wanne tu wakiuunga mkono. Trump, wakati huo akielekea kuwa mgombea, aliupinga, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Jambo ambalo mgombea anataka kulifanyia kampeni halitatuliwi miezi tisa kabla ya kura. Ndiyo maana mwaka wa kwanza baada ya uchaguzi ndio wenye nafasi, hasa kabla ya kampeni za uchaguzi wa Kongresi wa katikati ya muhula wa rais kuanza.

Nyota ya Mashariki

Mleta uzi, hoja yako ya ulazima naikubali, lakini kuna kitu umekiacha. Ulazima unaleta watu mezani. Hauwafanyi waamini kwamba walichosaini kitatekelezwa. Na hicho ndicho kilichoharibika 2025.

Fuateni mfululizo. Machi 2025 fedha za serikali zilikuwa zinaisha. Warepublikan wakaleta mswada wa kuendesha serikali hadi Septemba, ulioandikwa bila Wademokrat. Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrat Seneti, na wenzake tisa wa upande wake walitoa kura za kufunga mjadala, 62 dhidi ya 38, wakiogopa serikali kufungwa. Hawakupata dhamana yoyote.

Julai, Ikulu ikaomba Kongresi (mabaraza yote mawili) ifute takriban dola bilioni 9 ambazo ilikwishazipitisha, sehemu kubwa misaada ya nje, na takriban bilioni 1.1 ya redio na televisheni za umma. Chini ya sheria ya 1974 ombi la namna hiyo haliwezi kuzuiwa kwa filibasta. Likapita Seneti 51 dhidi ya 48. Mwishoni mwa Agosti ikaja hatua nyingine: bilioni 4.9 zaidi za misaada zikaombwa kufutwa karibu kabisa na mwisho wa mwaka wa fedha, ili muda uishe bila Kongresi hata kupiga kura.

Sasa jiweke kwenye kiti cha seneta wa upinzani. Unatoa kura yako ya 60 kwa bajeti yenye kitu ulichokipigania, halafu mwezi ujao kitu hicho kinafutwa kwa 51. Kura yako ina thamani gani? Oktoba mosi serikali ikafungwa, ikakaa hivyo siku 43, ndefu kuliko zote za kabla yake, ikizipita siku 35 za 2018 hadi 2019. Wademokrat walidai ruzuku za bima ya afya zilizokuwa zinaisha mwisho wa mwaka, lakini chini ya dai hilo kulikuwa na hili la kutoaminiana.

Ikafunguliwa 12 Novemba, baada ya wanane wa upande wa Wademokrat kuvuka. Walipata bajeti kamili ya mwaka kwa maeneo matatu, yakiwemo kilimo na masuala ya maveterani, watumishi waliopunguzwa wakati wa kufungwa wakarudishwa, na ahadi ya kura kuhusu ruzuku. Kura ikapigwa Desemba: 51 wakaunga mkono, 48 wakapinga, ikaanguka kwa kukosa 60. Ahadi ilitimizwa herufi kwa herufi na haikuleta kitu. Ukijadiliana na Kongresi, usipokee ahadi ya kura. Taka maandishi ndani ya mswada usioweza kukwama.

Mto Ruvu

Nimekuelewa @Nyota ya Mashariki. Ila huku Afrika Mashariki tunaguswa wapi, ukiacha kufuatilia kama mpira?

Nyota ya Mashariki

Tunaguswa moja kwa moja, ndugu. Mpango wa dharura wa UKIMWI, PEPFAR, ulianzishwa 2003 chini ya Bush kwa kura za vyama vyote, ahadi ikiwa dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa kwenye kundi la kwanza la nchi zilizolengwa. Ukahuishwa 2008, 2013 na 2018 bila vita kubwa. 2023 ukakwama kwa mabishano kuhusu utoaji mimba, na Machi 2024 ukapewa mwaka mmoja tu, hadi 25 Machi 2025. Fedha ziliendelea kupitia bajeti, lakini dhamana ya miaka mitano ikatoweka, na mpango wa dawa za maisha hauendeshwi vizuri kwa bajeti ya kubahatisha.

Hata hivyo, kwenye lile ombi la Julai 2025 awali kulikuwa na kufuta dola milioni 400 za PEPFAR, na maseneta wa Kirepublikan ndio walioshinikiza zitolewe. Zikatolewa. Mizizi ya 2003 bado ina uhai.

AGOA, sheria inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, vilevile: ilisainiwa na Clinton Mei 2000, 2015 ikaongezwa miaka kumi, na muda ukaisha 30 Septemba 2025, usiku wa kuamkia serikali kufungwa. Ilikuwa na marafiki pande zote mbili. Iliponzwa na kukosa mswada mkubwa wa kudandia ili ipite nao, na walioumia ni viwanda vya nguo kama vile vya maeneo huru ya uzalishaji Kenya.

Salum wa Kanuni

Hilo la kudandia ni muhimu. Sheria ya ulinzi ya kila mwaka imepita bila kukosa kwa zaidi ya miaka 60, ndiyo maana miswada midogo inang'ang'ania kuingia humo. Mwenye jambo la maana lisilo na umaarufu atafute kifungu kule mapema, kamati zikianza kuuandika, siyo Desemba.

Bi Mkunde

Na kama Spika amekalia mswada, kuna njia moja halali ya kumzunguka: hati ya kuutoa mswada kamatini. Mswada ukae kamatini siku 30 za kazi za Baraza, kisha hati iwekwe mezani kwa karani, zitafutwe saini 218. Zikitimia, zinasubiriwa siku saba za kazi, ndipo aliyesaini anaweza kuidai ukumbini, na Spika ana siku mbili za kazi kuipangia muda.

Inaharibika wapi? Kwanza, siku zinazohesabiwa ni za Baraza kukaa, na Spika ndiye anayeamua likae lini. Pili, kabla ya kufika 218 mtu anaweza kuondoa saini, kwa hiyo shinikizo linawekwa kwa wale wawili watatu wa mwisho. Tatu, kiti kikiwa wazi, hati inasubiri. Hati ya Massie (Mrepublikan) na Khanna (Mdemokrat) kuhusu mafaili ya Epstein, tajiri aliyeshtakiwa kwa biashara ya ngono na watoto, ilikwama kwenye 217 hadi Mdemokrat Adelita Grijalva, aliyechaguliwa 23 Septemba 2025, alipoapishwa 12 Novemba na kusaini siku hiyohiyo. Ukumbini ikapita 427 dhidi ya 1. Karibu wote waliogoma kusaini walipiga kura ya ndiyo, kwa kuwa kusaini ni kumwasi Spika na kupiga kura ni kuonekana na wapiga kura.

Desemba hiyohiyo Warepublikan wanne walisaini hati ya Wademokrat kuhusu ruzuku za bima. Watatu wa Pennsylvania, mmoja wa New York, wote kwenye viti vya ushindani. Ile hesabu ya wapiga kura niliyoitaja juu ndiyo hiyo tena.

Mto Ruvu

Swali la mwisho wakuu: kwa nini mwenye wingi asiifute tu hiyo filibasta?

Kipimajoto

Anaweza, kwa wingi wa kawaida, na wamejaribu. Januari 2022 Wademokrat walitaka kuilegeza kwa ajili ya sheria za uchaguzi, wakaanguka 48 dhidi ya 52 kwa sababu wenzao wawili, Manchin na Sinema, walikataa. Wakati serikali imefungwa 2025, Trump aliwataka Warepublikan waifute. John Thune, kiongozi wao Seneti, akasema kura hazipo. Kila seneta mkongwe amewahi kuwa kwenye wachache na anajua atarudi huko.

Lakini inamegwa. Septemba 2025 walibadili utaratibu ili wateule wapitishwe kwa mafungu, na fungu la kwanza lilikuwa watu 48 kwa kura moja. Kila kipande kinachomegwa kinapunguza sababu ya kumpigia simu mtu wa upande wa pili.

Anayetaka kufuatilia, aingie congress.gov. Fungua mswada, angalia waliouunga mkono tangu mwanzo: kama majina ya pande zote yamepangwa wawili wawili, waandishi wamekusudia ufike 60. Kisha angalia kama kamati imeupitisha au umelala tangu ulipowasilishwa. Kisha tafuta kama una makadirio ya gharama ya ofisi ya bajeti ya Kongresi. Usio nayo mara nyingi haujakaribia ukumbini. Na kwenye orodha ya kura za Seneti, soma kura ya kufunga mjadala kabla ya kura ya mwisho. Kwenye ule mswada wa fedha wa Machi 2025 kura ya mwisho ilikuwa 54 dhidi ya 46. Aliyeangalia hiyo peke yake hakumwona Schumer. Alikuwa kwenye ile 62.